Mama, Hakusema Hivyo

Endasak, Jumapili alasiri

Martina mwanangu,

Umekwenda Getanuwas kumuaga bibi yako, na ninajua hutarudi kabla ng'ombe hawajarudi, kwa hiyo nina muda wa kuandika. Basi lako ni kesho asubuhi. Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji ya Dar es Salaam, wala namna ya kuficha simu, wala watu wa kuwakwepa. Hayo utaambiwa na kila mtu atakayekusindikiza, tena kwa sauti kubwa.

Mimi nataka kukuandikia habari ya Kestara, na ya siku ile niliyokuaibisha. Hatujawahi kuizungumza yote mimi na wewe. Tuliipitia pembeni, kama watu wanavyopita pembeni ya shimo lililochimbika barabarani, mpaka tukazoea. Halafu kuna jambo la juzi Ijumaa ambalo hulijui. Nitalifikia.

Ulikuwa na miaka minane. Nilikuwa nauza chai na maandazi mbele ya kibanda cha video cha Baba Sulle, kile cha mabati chenye mapazia ya magunia. Siku za mnada kilijaa: wakulima wa huku mlimani, wafugaji waliotoka Basotu na Getanuwas na fimbo zao, madereva wa bodaboda. Picha walizozoea zilikuwa zimeshatafsiriwa na vijana wa mjini, unasikia Kiswahili kimepanda juu ya Kiingereza. Siku hiyo Baba Sulle akachomeka flashi mpya, katuni ya watu wa angani iitwayo Kestara, haina tafsiri hata neno moja. Hazikupita dakika kumi wakaanza kupiga mabenchi na kuzomea.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika. Kwenye tivii mzee mmoja alikuwa analia mbele ya dirisha, na nje ya dirisha jua lilikuwa jekundu kama kaa linalozimika. Nikasema kwa sauti, hata sikukusudia: "Jua lao linakufa. Anawaambia wahame kabla majani hayajaisha."

Kibanda kikanyamaza. Mzee Gidamis, yule mfugaji unayemjua, ambaye wakati ule mimi nilikuwa simjui, akageuka kwenye benchi akaniuliza, "Wanahamia wapi?"

"Bado hawajajua, mzee wangu."

"Basi wakishajua utuambie."

Baba Sulle aliniwekea maiki mkononi kabla sijapata pa kutua birika.

Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha pili, tena ambacho sikukimaliza. Nilijua rangi, wanyama, viungo vya mwili, na kuomba ruhusa ya kutoka nje. Mengine niliyasoma kwenye nyuso. Mtu akikunja uso nilijua kuna ugomvi, akishika mkono wa mwenzake nilijua wanaagana. Palipobaki pengo niliweka ya kwangu. Chombo chao kikubwa nilisema kinanguruma kama kombaini za mashamba ya ngano wakati wa mavuno. Roboti wao wa kuhesabu watu nikampa sauti ya mtendaji wa kijiji anayedai michango, na watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Na yule nahodha mwanamke, Oriva, nilisema ni msichana aliyefukuzwa kwao, ambaye sasa amerudi kuwaokoa waliomfukuza. Hilo halikuwemo kwenye katuni. Nililitoa kifuani mwangu.

Mjomba wako Boay alikuja nyumbani wiki hiyohiyo. Unamjua kaka yangu, mzee wa kanisa, haketi kabla hajasema alichokuja kusema.

"Nimesikia unapiga kelele kwenye spika mbele ya wanaume," akasema. "Habari za mashetani ya angani."

"Shikamoo kaka. Si mashetani. Ni watu wamehama."

Hakucheka. Na unajua kwa nini ilinibidi nimjibu polepole. Babu yako alipokataa kuniona na tumbo langu, ni Boay aliyenipokea. Alinipa pa kujenga na lile shamba la chini nilime. Kwa hiyo kila nilichomjibu, nilikijibu nikiwa nimesimama kwenye ardhi yake. Baba yako nilishakueleza habari zake, na kwenye barua hii hayumo.

Lakini sikuacha. Flashi za Kestara ziliendelea kuja, msimu baada ya msimu, na kila mnada nilishika maiki. Wakaniita DJ Mama. Watu walinisimamisha njiani kuniuliza Oriva amefika wapi. Tangu nilipotolewa shule hakuna aliyekuwa ameniuliza swali akasubiri jibu, Martina. Waliniuliza bei ya maandazi, basi. Sasa mzee mzima mwenye ng'ombe zake anatembea tangu Getanuwas kuja kusikia ninalosema. Nilinenepa rohoni. Na mtu aliyenenepa rohoni anaogopa sana kukonda tena.

Wewe ulikaa benchi la mbele kila mara, miguu haifiki chini. Ulizikariri sauti zangu zote. Nilifikiri unanipenda mimi, na ni kweli ulinipenda, lakini ulikuwa unaipenda pia Kestara yenyewe, na hilo sikulitambua. Ulipoingia kidato cha kwanza kulikuja sanduku la vitabu vya msaada shuleni kwenu, na ndani yake kimoja kilichochanika jalada, chenye jina la Kestara. Ulikisoma kwa kamusi. Ukarudia. Mimi sikujua hata kwamba kuna vitabu. Sikujua kwamba huko nje ilianza ikiwa gemu, watu wakaipenda, ndipo zikafuata katuni na vitabu vya picha na vitabu vya maneno. Nilidhani Kestara ni ile iliyo kwenye flashi ya Baba Sulle, na kwamba kwa Kiswahili ni mali yangu.

Sasa siku yenyewe. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu.

Ilikuwa ile sehemu ya vyombo vitatu. Viwili vimeshaingia kwenye kituo, cha tatu kinakuja nyuma kimejaa watu, na hewa ya kituo inaisha. Mlango mkubwa ukafungwa. Nikasema kwenye maiki, "Mlango umeharibika! Oriva anaupiga kwa mikono yake! Analia, anasema nisubirini, nakuja kuwafuata!" Watu wakashika vichwa.

Ukasimama. Ulikuwa na sare ya shule, soksi moja imeshuka.

"Mama, hakusema hivyo."

Nikajifanya sikusikia, nikaendelea.

"Mama, hakusema hivyo. Mlango haukuharibika. Ameufunga mwenyewe. Amewaacha."

Watu wakaguna. Mtu mmoja kule nyuma akasema, "Kumbe siku zote tunadanganywa?"

Maiki ina kitufe cha kuizima, kipo hapo kwenye kidole gumba. Sikukigusa. Nikasema, na ile spika ya nje ikayapeleka maneno mpaka kwenye mbuzi wa mnada: "Huyu mtoto ndiye aliyenifukuzisha shule nikiwa na mimba yake. Leo ndiye anataka kunifundisha Kiingereza!"

Walicheka kibanda kizima. Nje nako wakacheka.

Ulikuwa hujui. Nilikuwa nimekuambia kwamba niliacha shule ili nimuuguze bibi yako. Ulinitazama kidogo, kama mtu anayetazama neno asilolijua, halafu ukapita katikati ya magoti ya watu ukatoka. Na mimi, Martina, niliendelea na picha mpaka mwisho. Ninayajutia yale maneno, lakini ninajuta zaidi kwa hilo. Maneno yalinitoka. Zile dakika arobaini zilizofuata hazikunitoka, nilizifanya mwenyewe, moja baada ya nyingine, na sauti za roboti nikaziweka.

Ukaanza kuishi ndani ya nyumba yetu kama mgeni mwenye adabu. Ulichota maji, ulipika, ulijibu ulichoulizwa. Hukununa hata siku moja, na heri ungenuna. Kutoka wakati wa kupanda mpaka mahindi yalipofika kiunoni sikusikia ukicheka. Unajua nilikuwa nafanya nini muda wote huo? Nilikuwa nakusubiri uniombe radhi. Kila mtu alinipa haki. Walisema mtoto hasahihishi mzazi mbele za watu, na mimi niliipokea hiyo haki nikailalia kama mto.

Baba Sulle ndiye aliyeniambia. Alikuwa amenunua mashine ya gemu, ameiweka kwenye kile chumba cha pembeni. Akasema, "Mama Martina, binti yako yuko kwangu kila Jumamosi mchana. Anacheza ile Kestara yenu. Lakini anacheza vibaya, hapiti mahali pamoja."

Nilikwenda na kifimbo. Sitakuficha, nilikwenda na kifimbo.

Nilikukuta umepiga magoti mbele ya tivii. Pale kwenye kioo alikuwa Oriva, na mbele yake ule mlango. Hukugeuka. Ulijua ni mimi kwa mwendo wangu. Ukanisogezea kile kidude cha kushika chenye vitufe.

"Bonyeza wewe," ukasema.

"Nibonyeze nini?"

"Hicho cha chini. Ndicho kinafunga mlango."

"Sitaki."

"Basi usibonyeze."

Nikakaa bila kubonyeza. Kulikuwa na mstari wa kijani wa hewa, ukawa unashuka. Watu wa ndani ya kituo wakaanza kukaa chini, kisha kulala, mmoja baada ya mwingine, na watoto. Kioo kikawa cheusi. Ukasema, "Wamekufa wote. Inaanza tena."

Mara ya pili nilijaribu kumtoa Oriva nje akimbie kwa wale wa chombo cha tatu. Akawa anatembea mahali pamoja kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Mara ya tatu nikakuuliza, "Hakuna kitufe kingine?"

"Hakuna. Nimeshatafuta wiki nne."

Wiki nne, mwanangu. Watu walidhani hujui kucheza. Ulikuwa umepiga magoti mbele ya mashine ile ukitafuta namna ya kufanya nilichosema mimi kiwe kweli.

Nikabonyeza. Mlango ukafungwa, na wale wa nje wakabaki wanapiga kioo cha mlango bila sauti. Nikaweka kidude chini, na kifimbo nacho, na nikasema pale pale, Baba Sulle yupo na vijana waliokuwa wanangoja zamu wapo:

"Hukunifukuzisha shule. Walionifukuza walikuwa watu wazima, na tuliofanya jambo lenyewe tulikuwa mimi na mtu mwingine mkubwa kuliko mimi. Wewe ulikuwa huna hata jina."

Ukakiokota kile kidude. Halafu ukauliza, "Mbona ulisema kwenye spika?"

"Niliogopa watajua kwamba sijui Kiingereza."

"Walikuwa wanajua, mama," ukasema. "Wote walikuwa wanajua. Walikuwa wanakuja hivyohivyo."

Nimeishi na maneno hayo miaka minane sasa. Nilikulinda dhidi ya ukweli ambao hukuhitaji kulindwa nao, na nikajilinda dhidi ya kicheko ambacho hakikuwepo. Katikati hapo nikakuumiza. Kama kuna kitu nimejifunza kwa gharama, ni hicho, na sijui hata nikiite nini.

Mnada uliofuata nilipanda kwenye benchi kabla ya picha kuanza, nikawasha spika zote, ya ndani na ya nje. Nilisema kwamba nililosema juu ya binti yangu lilikuwa uongo, na kwamba jambo lililotangazwa kwa spika haliombewi radhi jikoni. Baadhi walicheka tena. Wacha wacheke. Wewe ulisimama karibu na jenereta, umekunja mikono, lakini hukuondoka.

Kisha yakaja majuma yale mazuri kuliko yote niliyowahi kuishi. Tunapukuchua mahindi jikoni, wewe unanisomea kile kitabu, sentensi ya Kiingereza halafu ya Kiswahili, na mimi nakukatiza: "Hapo usiseme 'alihuzunika', hakuna mtu hapa anahuzunika. Sema moyo ulimshuka." Wewe ulinifundisha walichosema. Mimi nikakufundisha namna watu wa kwetu wangekisema. Hiyo ndiyo shule niliyoirudia, na niliimaliza.

Na unaikumbuka siku tuliyoirudia ile sehemu ya vyombo vitatu kwa maiki mbili. Mimi Oriva, wewe wengine wote. Safari hii ulisema ukweli. Ulisema, "Amefunga mlango kwa mkono wake mwenyewe." Mzee Gidamis akasimama katikati ya picha, fimbo mkononi, kivuli chake kikafunika nusu ya tivii.

"Kwa nini amefunga?"

"Shikamoo babu," ukamjibu kwenye maiki. "Hewa ilikuwa inaisha. Wangekufa wote."

"Marahaba. Aliwahesabu walioko nje?"

"Hapana, babu."

"Mchungaji hafungi zizi kabla hajahesabu. Na kama lazima afunge, afunge yeye akiwa nje pamoja nao." Akaketi. "Endelea. Lakini huyo mwanamke mimi simsalimii tena."

Watu walibishana mpaka mnada ukaisha. Wengine walimtetea Oriva, wengine walimlaani, mama mmoja muuza vitunguu alilia. Hakuna aliyezomea, hakuna aliyesema anadanganywa. Nikaona jinsi nilivyowadharau miaka yote nikiwalainishia hadithi, kana kwamba watu waliowahi kupoteza ng'ombe wote kwa ukame na kuzika watoto kwa homa hawawezi kubeba mlango mmoja wa katuni.

Lakini nikuambie kitu, na hiki nakisema kwa kiburi changu chote. Walioandika Kestara ni mafundi kuliko mimi, ninakubali. Walimwandikia Oriva kitufe kimoja. Mimi mpaka leo sikubaliani nao. Nilibonyeza kwa sababu mashine ilikataa lingine. Wewe hukukubali pia, ndiyo maana ulichukua madaftari ukaanza kuandika habari za wale wa chombo cha tatu, waliobaki nje, ambao vitabu vyote na katuni zote haziwataji tena baada ya pale. Ulijiuliza waliishije. Ulimpa mmoja jina la bibi yako. Uliwafanya wagundue namna ya kuvuta hewa kutoka kwenye barafu, wakafika mbali kuliko wale waliofungiwa salama. Ulipotusomea, Baba Sulle alizima jenereta asikie vizuri.

Kisha ukawa unarekodi kwa simu, sauti zetu zikatembea kwenye memori kadi, Katesh, Basotu, mpaka Mbulu. Nani alizifikisha Dar es Salaam hatujui. Tunachojua ni kwamba yule dada wa kampuni ya gemu alipiga simu, akasema kampuni yao imeruhusiwa na wenye Kestara kuitoa kwa Kiswahili, gemu mpya na mchezo wa kusikiliza kama ile ya redioni, na kwamba mchezo huo wanataka uwe wa watu wa chombo cha tatu, na wewe ndiye uuandike. Nilikuwa nimeshika sufuria ya moto na sikusikia inaniunguza.

Alisema pia, usifikiri sikusikia, ulikuwa umeweka sauti ya nje: "Sauti yako nzuri sana, ila lafudhi ya bara imezidi kidogo, tutairekebisha."

Na juzijuzi nikakusikia nyuma ya nyumba, unaongea peke yako, unalainisha koo, unavuta maneno kama mtu aliyezaliwa kwenye minazi. Nilisimama nikasikiliza. Unaigiza vizuri. Jifunze lafudhi yao, mwanangu, itumie kununulia mboga na kupandia magari, itakusaidia. Lakini siku utakapokaa mbele ya maiki yao kusema maneno ya watu walioachwa nje kwenye baridi, wamekata tamaa, wanabishana nani avute hewa kwanza, usithubutu kuwapa sauti ya watu waliokaa barazani wanakunywa kahawa. Wale ni watu wa kwetu. Uliwaandika hapa, jikoni, huku moshi unatutoa machozi. Wakikuambia hakuna mtu wa angani anayeongea Kiswahili cha kwetu Hanang, waulize wamemsikia yupi anayeongea cha Dar.

Sasa jambo la Ijumaa.

Ulikuwa Katesh kukata tiketi. Mjomba wako alikuja, akasimama uani. Nikamwamkia, akaitikia.

"Nimesikia anakwenda Dar kwenye magemu," akasema.

"Anakwenda kuandika, kaka."

"Kuandika nini?"

"Habari za watu wa angani."

"Watu wasiokuwepo."

"Ndiyo, kaka. Wasiokuwepo."

Nafikiri alitegemea nijitetee. Akasema, "Nafasi ya chuo cha ualimu ipo. Nimeshaongea na mtu. Ajiunge mwezi ujao, awe na kazi inayoeleweka. Asije akawa kama..." Hakumaliza. Ni mtu mstaarabu, hakumaliza.

"Nakushukuru sana kaka. Hatakwenda."

"Mama Martina, mimi nilikupokea."

"Ulinipokea. Hakuna siku nimesahau."

"Basi ukimwachia aende, lile shamba la chini usilitie jembe tena."

Nilimwangalia. Nilimtafuta ndani yangu yule msichana wa miaka kumi na sita aliyekuwa anasokota ncha ya kanga kila anapoongea na kaka yake. Sikumkuta. Sijui aliondoka lini. Nikasema, "Nitatoa vitu vyangu kesho."

Akadhani sikumsikia vizuri, akarudia, safari hii polepole. Nami nikarudia, polepole vilevile. Akaondoka bila kuaga, na mgongo wake ulikuwa mgongo wa mtu mzee. Hilo liliniuma, sitasema halikuniuma.

Jana asubuhi, wewe ukiwa unafua, nilishuka shambani nikachukua jembe, panga na lile debe la kupimia mbegu. Nikasimama kidogo. Miaka ishirini na moja nimelima pale. Ninalijua kila jiwe, mengine niliyaokota na wewe mgongoni. Kisha nikapanda kurudi nyumbani. Uliponiuliza kwa nini nimebeba vyote, nikakuambia vinakwenda kunolewa.

Nilikudanganya tena, unaona? Ndiyo sababu ya barua hii. Mara ya mwisho nilipokuficha jambo la namna hiyo ulikuja kulisikia kwenye spika, mbele ya watu na mbuzi. Hili utalisikia kwangu, kwa mwandiko wangu, kabla mtu mwingine hajapata nafasi ya kukuambia, "Mama yako amepoteza shamba kwa ajili yako."

Si kwa ajili yako. Naomba usinipokonye hili. Ningeweza kumwambia kaka yangu, "Sawa, nitaongea naye," na wewe ungekubali kwa kunionea huruma, ungekwenda kufundisha, ungekuwa mwalimu mzuri na mtu mkimya. Niliuona ukimya wako mara moja, sitaki kuuona tena. Shamba nililitoa mwenyewe, kwa akili zangu, na jana usiku nililala vizuri kuliko nilivyolala mwaka huu wote. Mama wa vitunguu ana kipande kisicholimwa kule juu, tutalima naye kwa kugawana. Chai itauzwa. Mnada ujao nitashika maiki peke yangu, na Kiingereza changu kilekile kilichoboreka kidogo, na pale nisipojua nitasema, "Hapa sijui, ila mimi ninaona hivi," na watasikiliza.

Kwa hiyo usirudi kwa sababu ya shamba. Usinitumie pole. Ukirudi, rudi kwa sababu umenikumbuka, au kwa sababu umeandika kitu unataka nikibishie.

Na watakapokuambia wewe ni nani, wa Endasak, kushika hadithi ya watu wakubwa wa ng'ambo ukaiendeleza, usiwaonyeshe cheti. Waambie waliacha watu nje na wakasahau kuwahesabu.

Mjomba wako atakuwepo stendi kesho. Namjua, atakuja mapema, asimame mahali ambapo kila mtu atamwona kwamba hajabariki. Mwendee. Usinisubiri mimi nikusukume. Tua begi lako, inamisha kichwa, mpe shikamoo yake nzima, maana alikupokea wewe pia kabla hujazaliwa. Akikuambia rudi nyumbani, mwambie, "Nimekusikia, mjomba."

Halafu chukua begi lako upande basi.

Mama yako,
Rebeka